Muda wa Mwanaanga na Kiswahili Chake

Misemo miwili humjia upesi mtu atakaye kueleza kwa Kiswahili fundisho la Albert Einstein la mwaka 1905 juu ya muda na mwendo: "wakati hutanuka" na "saa ya mwanaanga huchelewa". Yote miwili ina kasoro. Wa kwanza umefuata lugha za Ulaya neno kwa neno. Msikilizaji hajui ni nini kilichotanuka, wala kimetanuka kwa nani. Wa pili waitia saa ubovu, kana kwamba fundi wa Kinondoni angeweza kuitengeneza. Kumbe saa ni nzima. Mapigo ya moyo, usingizi na uzee wa mwanaanga vyaenda sawasawa nayo.

Kosa la tatu lafaa kuogopwa zaidi. Mtu wa Temeke husema saa moja asubuhi pale ambapo ratiba ya ndege huandika 7:00. Hesabu hizo zimetofautiana mahali pa kuanzia tu. Hadi saa mbili, zote zitakuwa zimepitisha dakika 60 zile zile. La mwanaanga silo hilo: kwake idadi yenyewe hutofautiana.

Mfano ulio wazi ni wa mapacha wa Marekani, Mark na Scott Kelly. Mark alitangulia kuzaliwa kwa dakika 6. Kwa desturi ya Wasukuma, iliyozoeleka hata Temeke na Kinondoni, yeye angeitwa Kulwa na Scott angeitwa Doto. Kati ya 2015 na 2016 Scott alikaa angani siku 340, akiizunguka dunia kwa mwendo wa kilomita 7.7 hivi kila sekunde. Kwa hesabu, muda alioupitia katika safari hiyo ulikuwa mfupi kuliko wa nduguye kwa yapata sehemu 8 kati ya 1,000 za sekunde. Lau Kulwa ndiye angesafiri, tena kwa mwendo ulio karibu na wa nuru, angeweza kurudi akiwa mdogo wa Doto. Majina yangebaki, maana yake ikageuka.

Kwa hiyo tafsiri iliyo salama ni sentensi yenye pande mbili: muda alioupitia msafiri ni mfupi kuliko muda wa aliyebaki. "Muda" lafaa kuliko "wakati", kwa kuwa muda hupimwa baina ya mambo mawili, kuondoka na kurudi, hali wakati waweza kuwa majira au nukta tu. Nalo "kuliko" halina budi kuwapo: pasipo wa kulinganishwa naye, msafiri hana lililompata.