Mikono ya fundi wa turbo

Huku Kasulu na Kibondo, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko pwani. Pampu ikimwaga dizeli kwa kipimo cha Dar es Salaam, gari hutoa moshi mweusi na kuishiwa nguvu mlimani.

Gari jipya likija, fundi huchomeka mashine ya kupimia na kurekodi presha ya turbo, joto na mafuta huku dereva akipanda kilima. Rekodi hiyo ina thamani. Lakini mashine husema kile tu kilichopimwa na sensa. Itaonyesha presha imeshuka. Haitasema kama ni mpira wa hewa uliochanika chini ya klipu, au shafti ya turbo iliyoanza kucheza. Na lori kuukuu lenye pampu isiyo na umeme halina cha kurekodi kabisa. Hapo fundi hulala chini ya gari, akapapasa mipira, akanusa oili. Hugeuza skrubu ya pampu kidogo, kidogo mno, wanapanda kilima, anatazama rangi ya moshi, wanarudi, anageuza tena. Akizidisha, joto linaweza kuyeyusha pistoni.

Kambi za wakimbizi za Nduta, iliyofunguliwa tena 2015, na Nyarugusu zimekuwa zikitegemea barabara hizi za vilima, sawa na zahanati za vijijini. Usiku gari la wagonjwa likipanda bila kusita, mama mjamzito aliye ndani hamjui aliyenawa mikono kwa dizeli jioni ile.