Sauti Nzito, Mfuko Mwepesi
Wapigao gita la besi huzisifu sana amplifaya za valvu, yaani vichupa vya kioo viwakavyo kama taa. Sifa hiyo ni ya haki: Ampeg SVT, iliyotolewa Marekani mwaka 1969, ina valvu 14 na nguvu ya wati 300, ikilemewa, sauti yake huiva, haipasuki. Lakini uzito wake wapita kilo 35, na valvu huchakaa. Basi mwenye mfuko mwepesi na atwae ya transista yenye wati za kutosha, wala asiilemee, maana hiyo hukwaruza. Tena tumkumbuke James Jamerson wa Detroit: miaka ya 1960 besi yake mara nyingi ilirekodiwa kwa waya uendao moja kwa moja mitamboni. Utamu ulitoka vidoleni. Na vidole, ndugu msomaji, haviuzwi dukani.