Konono N°1 si ruhusa ya kuunganisha bafle ovyo

Kila tukiongea juu ya kupatanisha bafle na ampli, kuna mtu atajibu: «Mbona Konono N°1 walipiga na vyuma vya zamani, na Ulaya wakawapigia makofi?» Mimi naona jibu hilo linadhulumu kazi ya wale wazee wa Kinshasa.

Sikiliza tena Congotronics, albamu iliyotoka 2004 kwa Crammed Discs ya Brussels. Mawangu Mingiedi alitengeneza mikro za likembe kwa sumaku za magari ya zamani. Ule mkwaruzo haukuja juu ya uzembe: likembe ya juu, ya kati na ya besi, kila moja iko na nafasi yake, na ngoma hazizifuniki. Waandishi wengi walisifu vyuma chakavu, wakasahau sikio la fundi. Nasi hapa Bunia tumechukua kosa lile lile, tukaligeuza ruhusa.

Twende kwenye namba. Bafle mbili za omu 8 zikiungwa sambamba zinakuwa omu 4. Nne zinakuwa omu 2. Ampli ya transista inavutwa umeme kupita nguvu yake, inaungua. Ndiyo maana tunaambiwa tusishuke chini. Sawa.

Lakini ampli ya gitaa ya lampu, zile za kioo, iko na sheria ingine. Lampu mbili za EL34, kwa mfano, zinataka kuona karibu omu 3400, na transfo njo inageuza omu 8 za bafle kuwa hizo 3400. Weka bafle ya omu 4 kwenye tundu lililoandikwa 8: lampu zinaona 1700, zinachoka mbio. Weka ya 16: zinaona 6800. Chomoa bafle kabisa huku unapiga: volti inapanda na inaweza kutoboa kinga ya nyaya ndani ya transfo. Kwa transista, kuchomoa bafle kwa kawaida si neno. Kwa lampu, ni msiba.

Kwaya inachanga miezi mingi kwa ampli moja. Ikiungua, msikilizaji wa Brussels hatakuja kuilipa. Mkwaruzo tukiupenda, tuupige, lakini kwanza tusome namba nyuma ya bafle. Mingiedi alichagua sauti yake. Sisi je, tumechagua?