Ghala Limefurika, Rafu Tupu

Target, kampuni ya maduka ya Marekani, ilipoingia Kanada mwaka 2013, maghala yake yalifurika mizigo huku wateja wakikuta rafu tupu. Lawama nyingi ziliangukia programu ya kompyuta ya kusimamia mizigo. Kwa maoni yangu programu ilitii ilichoambiwa. Programu ya ghala haioni mzigo, inasoma rekodi: vipimo vya katoni, uzito, idadi ya vipande ndani. Rekodi za makumi ya maelfu ya bidhaa ziliingizwa kwa mkono, mbio mbio, na nyingine zilikuwa na inchi mahali pa sentimita. Tuchukue katoni ya inchi 12 kila upande. Ikisomwa kama sentimita 12, ujazo wake kwenye kompyuta unapungua zaidi ya mara 16. Kompyuta inaitengea nafasi finyu, dereva wa foklifti anafika, mzigo hauingii, anauweka kando. Duka linaomba, mfumo unajibu kuwa mzigo upo, na hakuna anayejua ulipo.

Wapo wanaosema kiini kilikuwa makadirio ya mauzo, kwa kuwa kampuni haikuwa na historia ya wateja wa nchi hiyo. Hoja hiyo ina uzito, lakini makadirio mabovu yanaeleza kwa nini uliagiza nepi nyingi kuliko sabuni. Hayaelezi kwa nini sabuni iliyokwisha kulipiwa imelala ghalani. Wengine watasema uhakiki unachelewesha kazi. Si lazima. Katoni ya kwanza ya kila bidhaa mpya ipimwe na kuhesabiwa pale mlango wa kupokelea, kabla mfumo haujairuhusu kuingia. Target ililazimika kuwakalisha wafanyakazi wa ofisini wahakiki taarifa za bidhaa moja moja, maduka yakiwa wazi tayari, na hiyo ndiyo njia ya gharama kubwa.

Dukani nako hesabu hupotoka: watafiti DeHoratius na Raman, katika utafiti wao wa 2008, walikagua rekodi karibu 370,000 za maduka 37 wakakuta asilimia 65 si sahihi. Ila kwa Target kulikuwa na jambo baya zaidi ya makosa. Baadhi ya wachambuzi wa kampuni walizima uagizaji wa kiotomatiki, kwa sababu bidhaa iliyozimwa haikuhesabiwa kuwa imeisha, na ripoti zao zikapendeza. Ilibidi kitengenezwe kifaa cha kuonyesha uagizaji ulipozimwa, kisha wachambuzi wakanyang'anywa uwezo wa kuuzima. Januari 2015 kampuni ilitangaza kufunga maduka yake yote 133 ya Kanada.