"Kioo", "Rekebisha" na "Mwisho": Maoni juu ya Mwongozo wa Darubini

Mwongozo tunaoujadili hapa hauna jina la mfasiri wala mwaka wa kuchapwa. Umetufikia kwa mikono ya walimu wa sayansi wa wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, ambao waliutumia kuwafundisha vijana wao kupiga picha za nyota kwa darubini ndogo ya lenzi. Walituuliza swali moja tu: je, Kiswahili chake ni sahihi? Tumeusoma tangu mwanzo hadi mwisho, na jibu letu ni kwamba sarufi yake haina kasoro kubwa, bali istilahi zake zimeharibu darubini. Hatusemi hivyo kwa mafumbo. Msomaji mmoja, akiufuata mwongozo neno kwa neno, alilegeza skrubu za lenzi ya mbele, vipande viwili vya lenzi hiyo vikatoka mahali pake, na kimoja kikarudishwa kikiwa kimegeuzwa. Tangu siku hiyo chombo hicho hakijapata kuonyesha nyota kama ncha. Kila nyota ni doa lililofifia kingo.

Lawama hiyo haimwangukii msomaji. Mwongozo ulimwambia: "Ikiwa picha haiko wazi, rekebisha kioo kwa skrubu zake tatu." Katika maandishi ya asili, bila shaka, sentensi hii ilihusu darubini za aina nyingine, zile zinazokusanya nuru kwa kuiakisi. Darubini hizo zina kioo cha kujitazamia, kilichopinda, chini ya bomba. Kioo hicho huhama kidogo kila chombo kinaposafirishwa, na mwenyewe hana budi kukirudisha mahali pake mara kwa mara. Darubini ya lenzi haina desturi hiyo. Lenzi yake hupangwa kiwandani, na nyingi kati ya zile ndogo hazina hata skrubu za kazi hiyo. Zilizopo ni za kushikilia tu, na ukizilegeza umeifungua lenzi yenyewe. Lakini mfasiri ameita "kioo" kile kinachoakisi, akaita "kioo" vilevile kile kinachopitisha nuru. Kiswahili cha mitaani kinamruhusu: kioo cha dirisha ni kioo, na kioo cha kinyozi ni kioo. Mnunuzi dukani hapati shida, maana bidhaa iko mbele ya macho yake. Msomaji wa mwongozo hana kitu mbele yake isipokuwa neno. Tunashauri basi kwamba katika maandishi ya elimu ya nuru neno "kioo" liachiwe kile kinachoakisi peke yake. Kinachopitisha na kupinda nuru kiitwe "lenzi", neno ambalo kila mwanafunzi analijua. Na mata yenyewe, pale inapolazimu kutajwa, iitwe "bilauri" au jina lolote jingine ambalo wataalamu watakubaliana, mradi lisiwe "kioo". (Tunajua kwamba "bilauri" itawachekesha watu wanaoinywea maji. Tuko tayari kupokea neno bora.)

Kosa la pili ni kubwa zaidi kwa sababu halionekani. Neno "rekebisha" limetumika kwa kazi tatu zisizofanana: kusogeza kamera mbele na nyuma mpaka nyota iwe ncha, kuhakikisha kwamba mhimili wa lenzi unapita katikati ya bomba na kuangukia katikati ya kamera, na kusawazisha miguu ya stendi. Kazi ya kwanza hufanywa mara nyingi katika usiku mmoja. Ya pili huenda isifanywe kamwe katika maisha ya darubini ya lenzi. Lugha inayoziita kazi hizo kwa jina moja inamfundisha mtu kuzifanya kwa wepisi mmoja.

Kwa kazi ya kwanza hatuoni haja ya kubuni. "Fokasi" imekwisha kuingia madarasani, na wapiga picha wetu husema "kufokasi" bila kuomba ruhusa ya mtu. Wako wanaopendelea "kitovu", wakidai kwamba ni neno letu. Ni letu kweli, lakini kitovu kiko katikati ya mwili. Mwanafunzi akiambiwa "kitovu cha lenzi" atatazama katikati ya lenzi, na mahali tunapopataka pako mbali nayo, nyuma, nuru inapokutana. Isitoshe, hao wanaosema kwamba neno la kigeni halina maana wangefaa kukumbuka kwamba Kepler, alipoliingiza neno hili katika elimu ya nuru mwaka 1604, alichukua neno la Kilatini lenye maana ya jiko, mahali pa moto pa nyumbani. Mtoto yeyote aliyewahi kuchoma karatasi kwa lenzi juani anafahamu kwa nini.

Kwa kazi ya pili mambo ni tofauti. Baadhi ya wafasiri wameanza kuandika "kukolimeti". Neno hili tunalikataa. Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya kuweka katika mstari mmoja, ambalo wanakili walilisoma vibaya, na wanajimu walioandika Kilatini wakalipokea likiwa na kosa lake. Neno la kunyoosha lilipinda njiani! Hatuoni fahari ya kurithi kosa hilo ilhali tunaweza kusema kinachofanyika. "Kulinganisha" halifai, kwani humaanisha pia kupambanua kufanana na kutofautiana kwa vitu viwili. "Kupiga timazi" lina ladha nzuri ya kazi ya uashi, ila timazi huning'inia wima, na darubini huelekea popote. Tunapendekeza "kuoanisha mihimili". Mhimili wa dunia umezoeleka tangu shule ya msingi. Na neno hili humlazimisha msomaji kuuliza ni mihimili ipi, swali ambalo "rekebisha" halikuwahi kumlazimisha kuuliza.

Jambo lenyewe si geni katika nchi hiyo. Speke na Grant walifika kwa Rumanyika wa Karagwe mwishoni mwa mwaka 1861 wakiwa na vyombo vya kupimia nyota. Kati ya mwaka 1902 na 1904 tume ya Waingereza na Wajerumani ilipima mpaka wa magharibi ya Ziwa Viktoria, ule uliokubaliwa karatasini mwaka 1890 kufuata latitudo ya nyuzi 1 Kusini. Kazi hiyo yote hutegemea mhimili wa darubini ndogo iliyo juu ya chombo cha mpimaji kuwa pale unapodhaniwa kuwa. Wapima ardhi wetu wa leo wanalijua kosa la mhimili kwa vitendo. Wafasiri wangeanza kwao.

Tuingie sasa katika neno la tatu. Mwongozo unasema: "Kwa kuwa nyota ziko mbali sana, zungusha fokasi mpaka mwisho." Hapa mfasiri ameikuta alama ya umbali usio na kikomo, ile inayofanana na nane iliyolala, akaiita mwisho. Maana imegeuka kinyume. Lenzi nyingi za kamera huzunguka kupita alama hiyo kidogo, na fokasi ya darubini haina alama hiyo kabisa. Anayezungusha mpaka mwisho ataipita nyota na kupata duara la nuru badala ya ncha. Na nafasi ya kukosea ni finyu mno. Kwa darubini ambayo urefu wa fokasi yake ni mara 7 ya upana wa lenzi, eneo ambalo picha hubaki kali lina kina cha milimita 0.13 hivi. Bomba la alumini lenye urefu wa milimita 700 hufupika kwa milimita 0.16 joto likishuka nyuzi 10. Kwa hiyo fokasi iliyopatikana saa moja jioni, milima ingali na joto la mchana, yaweza kuwa imepotea kabla ya usiku wa manane, bila mkono wa mtu kuigusa. Jicho hujirekebisha lenyewe kidogo na kumficha mtazamaji kosa hilo. Kamera haina huruma hiyo. Kitenzi cha haki hapa ni "kutafuta": fokasi hutafutwa, hupitwa, hurudiwa, na baada ya saa moja hutafutwa tena.

Inapasa pia tumpe mfasiri haki yake. Pale hewa inapotikisa sura ya nyota ameandika "hewa inachemka", na hatujaona popote neno lililo zuri kuliko hilo. Duara za nuru zinazoizunguka nyota iliyotolewa kwenye fokasi ameziita "pete". Lakini baada ya kurasa hizo nzuri anawaamuru watu wa Karagwe na Kyerwa waielekeze stendi kwenye Nyota ya Kaskazini. Kusini mwa nyuzi 1 ya latitudo nyota hiyo haipandi juu ya milima. Na ncha ya anga ya kusini nayo iko chini mno, nyuma ya migomba. Tafsiri isiyojua msomaji wake anaishi wapi haijamaliza kazi.

Kifungu chenye madhara tungekiandika hivi: "Ielekeze darubini kwenye nyota ang'avu iliyo juu angani. Isogeze kamera taratibu hadi nyota iwe ndogo kupita kiasi, ipite kidogo, kisha urudi. Ukiwa na kifuniko chenye mipasuo alichobuni Bahtinov mwaka 2005, fokasi imepatikana pale mstari wa kati unapogawa sawasawa ile miwili inayokatizana. Ili kukagua mihimili, itoe nyota kidogo kwenye fokasi na uzitazame pete zake zikiwa katikati ya picha. Pete zikiwa na kitovu kimoja, mihimili imeoana. Zikiwa zimeelemea upande mmoja, kagua kwanza kama kamera imekaa sawa katika bomba. Usiguse skrubu za lenzi. Mpelekee fundi wa vyombo vya nuru."

Katika kifungu hiki tumelitumia neno "kitovu" kwa maana yake ya katikati, na tunapenda libaki hapo. Walimu waliotuandikia wameombwa kukijaribu kifungu hiki na wanafunzi wao katika usiku wa kiangazi, na watuletee maneno yatakayowakwaza.