Maji Kwanza, Kisha Chumvi

Ukiuliza unga wa mahindi una protini kiasi gani, maabara itakujibu upesi. Sampuli huchemshwa katika asidi kali, naitrojeni hupimwa, hesabu hupigwa, na jibu hutoka: takriban gramu 9 katika kila gramu 100. Jibu ni sahihi, ila linarundika pamoja protini zisizo na udugu wa karibu. Ninachokisifu mimi ni ufundi wa kuzitenganisha, kazi ya polepole ambayo wengi huiona ya maandalizi tu. Kwangu hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Mwanzo wake ni vidole na maji. Mwaka 1728, huko Bologna, Jacopo Beccari alieleza jinsi alivyoukanda na kuuosha unga wa ngano mpaka wanga ukaondoka na maji, kikabaki kitu cha kunata na kuvutika: gluteni.

Aliyeupa ufundi huu kanuni ni Thomas Burr Osborne, mkemia wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Connecticut, Marekani, ambaye kitabu chake juu ya protini za punje ya ngano kilitoka mwaka 1907. Aliziainisha kwa kuangalia kila moja huyeyuka katika nini. Unga laini ulioondolewa mafuta hutiwa maji baridi, hutikiswa, huzungushwa kwa kasi mpaka mashapo yatulie chini. Zilizoyeyuka ni albumini. Mashapo yaleyale hutiwa maji ya chumvi, yakatoa globulini. Kisha huja alkoholi ya karibu asilimia 70, nayo huchukua prolamini: gliadini katika ngano, zeini katika mahindi, kafirini katika mtama. Zinazobaki, glutelini, hukubali asidi au alkali hafifu. Mpangilio huu hauchezewi. Anayeharakisha hatua ya kwanza hukuta albumini zimejipenyeza kwenye chupa za mbele, ndiyo maana kila hatua hurudiwa mara mbili au tatu. Ni mkono wa mpetaji stadi, anayejua lini aurushe ungo na lini autulize.

Faida ya subira hiyo ilionekana mwaka 1914. Osborne na mwenzake Lafayette Mendel waliwalisha panya chakula ambacho protini yake ilikuwa zeini iliyosafishwa. Panya wakakonda. Walipoongezewa triptofani, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini, uzito ukashika. Walipoongezewa na laisini pia, asidi amino nyingine, wakakua. Na zeini ndiyo fungu kubwa la protini ya punje ya mahindi! Kwa sisi tunaoshiba ugali, hakuna habari ya maabara iliyo karibu na sahani kuliko hii. Hapo ndipo maharage pembeni, yenye laisini, yanapopata heshima yake.

Baadaye umeme uliingia kazini. Protini huchanganywa na sabuni kali inayozikunjua na kuzipa chaji hasi, kisha umeme huzivuta ndani ya jeli, ndogo zikitangulia, kubwa zikichelewa. Rangi ya buluu ikipakwa, mistari hujitokeza. Kwa mistari hiyo Peter Payne na wenzake huko Cambridge walionyesha ni glutenini (glutelini za ngano) zipi kubwa zinazoambatana na unga mzuri wa mkate. Uzuri wake ni kwamba nusu ya punje yatosha kwa kipimo. Nusu yenye kiinitete hupandwa.

Turudi kwenye mahindi. Mwaka 1964 Edwin Mertz na wenzake, Chuo Kikuu cha Purdue, walitangaza kuwa mahindi yenye jeni iliyobadilika iitwayo opaque-2 yana zeini pungufu, na laisini yake imezidi ile ya mahindi ya kawaida kwa karibu asilimia 70. Lakini punje zilikuwa laini, wadudu wakazishambulia ghalani, na mavuno yalikuwa haba. Huko Meksiko, Surinder Vasal akazalisha mbegu shambani na Evangelina Villegas akazipima maabara, msimu baada ya msimu, wakitafuta punje ngumu ambayo haijapoteza ubora wa protini yake, jambo ambalo jicho tupu haliwezi kulithibitisha. Mwaka 2000 wote wawili walipewa Tuzo ya Chakula Duniani. Mbegu za ukoo huo zimewafikia wakulima wa Tanzania kwa jina la Lishe.