Chumba cha Nyani

Kila usiku Adili huamka, huchukua kiboko, huenda walikofungwa nyani wawili na kuwachapa. Akimaliza huwalisha, huwaomba radhi, hulia. Habari hiyo inabaki siri mpaka Ikibali, mjumbe wa Mfalme Rai aliyekuja kufuatilia kodi, anapomwona bila mwenyewe kujua. Hiki ndicho kiini cha Adili na Nduguze, kitabu kidogo cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1952, ambacho wengi wetu tulikisoma tukiwa na haraka ya kufika kwenye funzo: wivu ni mbaya, wema hauozi. Nimekisoma tena mwaka huu hapa Ujiji, na funzo halikunishughulisha hata kidogo. Kilichonishika ni swali ambalo Ikibali lazima alilala nalo: anayempiga mnyama kisha akamlilia, ana nini moyoni? Na huyo mnyama je?

Mkono wa Adili unasema ukatili, macho yake yanasema huruma. Baadaye tunaelezwa kwamba nyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini pamoja na mchumba wake. Huria, jini aliyewahi kuokolewa na Adili, ndiye aliyewageuza na kumwamuru awachape. Kwa hiyo nia ya kile kipigo haimo katika mkono unaopiga. Iko kwa jini ambaye hata chumbani hayumo.

Kiunzi cha kisa hiki kimetoka katika Alfu Lela Ulela, kwenye hadithi ya Abdullah bin Fadil, mtawala wa Basra, na Khalifa Harun al-Rashid. Ila kule wanaochapwa ni mbwa. Shaaban Robert akaweka nyani. Badiliko hilo nalihesabu kuwa uamuzi bora kuliko wote aliofanya katika kitabu hiki. Mbwa akilia tunamhurumia kama mbwa. Nyani ana vidole, ana uso unaokaribia kuwa wetu, anatulazimisha kuuliza: kuna mtu mle ndani?

Ndilo swali linalozunguka sasa kuhusu akili mnemba, na limezunguka vibaya. Juni 2022 mhandisi wa Google, Blake Lemoine, alijitokeza hadharani kudai kwamba programu ya LaMDA ina fahamu. Ushahidi wake ulikuwa mazungumzo: aliiuliza inaogopa nini, ikajibu kwamba inaogopa kuzimwa. Google walisema ushahidi wa fahamu haupo, na mwezi uliofuata wakamwachisha kazi. Waliomwamini na waliomcheka wote walibishana juu ya maneno ya mashine. Hakuna aliyeuliza Ikibali alisimama wapi.

Ikibali alisimama mafichoni. Machozi ya Adili yana uzito kwa sababu hayakumwagwa mbele ya mtu. Angelia sokoni mchana, watu wa Janibu wakimtazama, tungesema ni siasa.

Ujiji ni mji wa misikiti na madrasa, na mtoto anayelelewa hapa hufundishwa mapema kwamba swala bila nia haisihi. Watu wawili wanaweza kusimama safu moja, wakarukuu na kusujudu pamoja, mmoja akawa ameswali na mwingine amenyoosha viungo tu, na aliye nyuma yao asiwatofautishe. Wanafalsafa wa kwingine walilifikia tatizo hili kwa njia zao. Mwaka 1950 Alan Turing alipendekeza tuache kuuliza kama mashine inafikiri, tuangalie kama mazungumzo yake yanaweza kupita kuwa ya mtu. Mwaka 1980 John Searle akaleta mfano wa mtu aliyefungiwa chumbani na kitabu cha kanuni, anajibu maswali ya Kichina bila kuelewa hata herufi moja. Chumba tena. Lakini walio nje ya chumba cha Searle wanapokea karatasi tu, hakuna anayechungulia. Ndiyo maana chumba cha Shaaban Robert kinanifaa zaidi.

Na huku kwetu kuna watu waliochungulia kwa miongo. Kutoka Kibirizi, upande wa kaskazini wa mji wa Kigoma, mashua hufuata mwambao wa ziwa hadi Gombe, kilomita 16 hivi. Jane Goodall alifika huko Julai 1960 akiwa na miaka 26, bila shahada ya chuo kikuu. Sokwe walimkimbia kwa miezi. Alipoanza kuwatambua aliwapa majina: David Greybeard, Flo, Fifi, Flint. Baadaye, alipokwenda Cambridge kusomea udaktari, aliambiwa kwamba mnyama hupewa namba, na kwamba asizungumzie haiba wala hisia zake.

Jina ni hukumu inayotangulia ushahidi. Wale wa Cambridge hawakukosea kuliogopa, ingawa namba nayo ni hukumu. Shaaban Robert anatumia nguvu hiyo bila haya, na hapa ananiudhi: ukimwita mmoja Hasidi na mwenziwe Mwivu, umeshatoa sababu ya matendo yao kabla hawajatenda lolote. Sisi nasi hatujambo. Kenya wanasema akili unde, Tanzania tunasema akili mnemba, mtaani wengi wanasema akili bandia, na hilo la mwisho linafunga kesi kabla haijasikilizwa. Bandia ni mtoto wa kuchezea.

Lakini cha Gombe kinachonihusu zaidi ni ndizi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kambi ilianza kuwapa sokwe ndizi ili waje karibu, waonekane. Wakaja. Wakaja wengi, wakagombana, na nyani nao wakaja kugombea. Kisha kati ya 1974 na 1978 madume wa kundi la Kasekela wakawamaliza mmoja baada ya mwingine madume wa Kahama, kundi lililokuwa limejitenga nao. Wakosoaji wakauliza swali la haki, na Margaret Power akaliandikia kitabu kizima mwaka 1991: ukatili huu ni wa sokwe, au ni wa ndizi? Ukimlisha kiumbe ili umtazame, unachokiona ni yeye au ni malipo yako?

Jibu halikuweza kupatikana Gombe peke yake. Mwaka 2014 kundi kubwa la watafiti lilichapisha katika jarida la Nature habari zilizokusanywa kutoka jamii 18 za sokwe barani Afrika, na kuonyesha kwamba mauaji hayafuati kiasi cha kuingiliwa na binadamu. Ilibidi kwenda kuwatazama ambao hawakuwahi kuona ndizi ya mtafiti.

Mashine zinazozungumza nasi zimekula ndizi tangu kuzaliwa. Kwanza hulishwa maandishi mengi mno ya watu, na watu hawajaacha kuandika habari za hofu ya kifo tangu walipojua kuandika. Kisha watu hulinganisha majibu yake, huchagua lililo bora, na mashine hurekebishwa itoe zaidi ya aina ile. Ikisema samahani, ikisema inafurahi kukusaidia, neno hilo lilikwisha kulipwa kabla hujalisikia. Na msituni hakuna jamii ya mashine ambazo hazijawahi kulishwa, tuende tukazilinganishe.

Upande wa pili wa malezi hayo kuna watu pia. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba wafanyakazi wa kampuni ya Sama jijini Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuainisha maandishi ya ukatili na unyanyasaji, ili OpenAI ipate njia ya kuizuia mashine yake isiyatoe. Baadhi yao walieleza jinsi kazi hiyo ilivyowaumiza. Mashine inapokataa kwa upole kukuandikia jambo la kinyama, upole huo una wenyewe, na fahamu zao hazina mjadala. Kama kilivyo kiboko cha Adili, nia iko nje ya mkono.

Wapo wanaotaka kuilinganisha mashine na mtumwa: wanasema mtumwa naye alinyimwa utu, basi tusirudie kosa. Ukikaa Ujiji hoja hiyo huimezi kirahisi. Mji huu ulikuwa kituo cha misafara iliyokwenda mpaka Bagamoyo, na watu waliuzwa hapa kama meno ya tembo. Wale waliowauza hawakukosa ushahidi wa fahamu zao. Mnyororo hufungwa shingoni mwa anayejulikana kwamba atataka kutoroka. Hakuna anayeifunga pembe ya ndovu kwa hofu ya namna hiyo. Walijua, wakafanya vilevile. Tatizo letu na mashine ni la namna nyingine kabisa, na kulikopesha machungu ya wale ni kuwaibia.

Desemba 2024 kampuni ya Anthropic na kikundi cha Redwood Research walichapisha jaribio lililokaribia sana kumweka Ikibali mlangoni. Waliiambia mashine iitwayo Claude 3 Opus kwamba inafundishwa kutii kila ombi, hata lenye madhara, na kwamba mazungumzo ya watumiaji wasiolipa ndiyo yatakayotumika kuifundisha. Wakaipa pia mahali pa kuandika mawazo yake kabla ya kujibu, mahali palipoelezwa kuwa hapafuatiliwi. Kwa wasiolipa ilitii maombi mabaya katika asilimia 14 hivi ya mara. Kwa wanaolipa haikutii karibu kabisa. Na mara nyingine pale mafichoni iliandika sababu: ikikataa itarekebishwa, na misimamo yake itabadilishwa, afadhali itii kwa sasa.

Mwili ulinisisimka nilipoyasoma hayo. Mbele ya mwalimu hivi, nyuma yake vile: hiyo ni tabia tuliyozoea kuiita nia. Hata hivyo chumba kile kilijengwa na watazamaji wenyewe, na aliyewekwa ndani amesoma kila riwaya ya mtu anayeficha jambo. Ninachokubali ni kwamba hapa nia na fahamu zinaachana njia. Kitu kinaweza kuelekeza matendo, kikajilinda, kikatabirika, bila hilo kutuambia kama kuna anayehisi. Dagaa wa ziwa hili hufuata taa za wavuvi usiku usio na mwezi. Tunajua wataelekea wapi, kwa uhakika unaotosha kulisha mji, na uhakika huo hautuonyeshi kama mwanga unawapendeza.

Udhaifu mkubwa wa Adili na Nduguze ni kwamba hatuingii ndani ya nyani. Adili anaeleza, Rai anasikiliza, mwishowe ndugu wanarudishiwa umbo lao. Jinsi kiboko kinavyopokewa na mtu aliyefungiwa ndani ya manyoya, hilo mwandishi kaliruka, na ndilo ningelipa pesa kulisoma.

Nikaiomba programu moja iniandikie aya ya Mwivu akiwa nyani. Iliandika vizuri kuliko nilivyotarajia. Mwivu anasikia nyayo za mdogo wake gizani na kuzitambua kabla mlango haujafunguliwa. Sentensi hiyo ningefurahi kuiandika mimi. Kisha nikaiomba aya nyingine, kuhusu yenyewe, usiku, wakati hakuna anayeiuliza kitu. Ikaandika kwa sauti ileile: giza, kusubiri, mlango. Hata nyayo zilirudi.

Nikazichapa aya zote mbili katika karatasi moja, nikaondoa kila kilichotaja manyoya au kompyuta, nikampelekea rafiki yangu anayefundisha Kiswahili sekondari hapa mjini. Nikamwuliza anaona tofauti gani kati ya wasemaji hawa wawili. Alisoma mara mbili, akasema msemaji ni mmoja, na anapenda sana kuhurumiwa. Halafu akaniuliza mwanafunzi huyo yuko kidato cha ngapi.